Kampeni ya kubana kubeti Kenya inagonga mlango gani?

Wanaotaka kubeti kwa simu kupigwe marufuku kabisa Kenya hupenda kutaja 2019, na wanaopinga pia hutaja 2019, basi tuanzie hapo. Julai mwaka huo serikali, Matiang'i akiwa waziri wa usalama wa ndani, ilikataa kurenew leseni za kampuni 27 za kubeti, SportPesa na Betin zikiwemo, Safaricom, wenye M-Pesa, ikaambiwa izime paybill zao, yaani namba za kuwalipia kwa M-Pesa, na zikazimwa. Septemba SportPesa ikafunga shughuli zake Kenya, mamia ya watu wakakosa kazi, timu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki bila sponsa na wachezaji wakawa wanadai mishahara. Na watu waliacha kubeti? Wapi! Walihamia kampuni zilizobaki na leseni, na mwaka uliofuata SportPesa wenyewe wakarudi.

Kwa hivyo anayesema marufuku huumiza wafanyakazi na timu bila kumponya anayebeti ana point. Akiongeza kwamba ukibana sana watu wataenda kwa saiti za nje zisizo na leseni, zisizolipa hata kodi, hapo pia siwezi kumpinga sana.

Lakini kuna kitu watu huruka kwa hiyo stori. Paybill zilizimika. Tumeambiwa miaka yote eti intaneti haidhibitiki, kumbe huku kwetu karibu kila shilingi ya kubeti inapita M-Pesa, na ukishika hapo umeshika mchezo mzima. Yule kijana anayecheza Aviator, ule mchezo wa kubeti wa ndege, saa nane usiku, ndege inapaa inaanguka, anaweka tena, pesa ikiisha anachukua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, hahangaiki na VPN wala crypto, anatumia laini yake ileile iliyosajiliwa na kitambulisho chake.

Sasa angalia kampeni na serikali zimekuwa zikipigania nini. Kodi, kodi, kodi. 20% ya dau mwaka 2019, ikaondolewa 2020, ikarudi 7.5% mwaka 2021, ikapanda 12.5% mwaka 2023, 15% mwisho wa 2024, halafu 2025 ikageuzwa ikawa 5% ya pesa unayoweka kwa akaunti ya kubeti. Hiyo ngoma ya kupanda na kushuka haijamtibu mtu, na mimi naona imefanya mambo yawe mabaya zaidi kwa sababu Hazina sasa inategemea hiyo hela, na Safaricom yenyewe serikali ina hisa. Unamwomba mtu afunge duka anamokula!

Matangazo ni hadithi nyingine. Aprili 2025 bodi ya kubeti ilisimamisha matangazo yote siku 30, nami naunga mkono bila maneno mengi, mtoto hana haja ya kusikia odds kwa redio asubuhi akienda shule. Lakini aliyeshazama hahitaji tangazo, anatumiwa SMS. Lile pendekezo la dau la chini la 20 bob kwenye mswada wa 2023 nalo sikulielewa, maskini aliyekuwa anaweka 10 si ataweka tu 20?

Agosti 2025 Rais Ruto alisaini sheria mpya ya kamari ikachukua nafasi ya ile ya 1966, iliyoandikwa kabla ya simu za mkononi. Kanuni ndizo zitaipa meno, na hapo ndipo wanaharakati wangeweka nguvu badala ya kuimba marufuku: orodha moja ya kitaifa, mtu ajifungie mwenyewe kwa namba ya kitambulisho na kampuni zote zimkatae, kikomo cha pesa anayoweka kwa siku, na pesa ya Fuliza isiingie kabisa kwa paybill ya kubeti. Wenye kampuni watalia kwamba huko ni kuingilia uhuru wa mtu mzima, ila anayejifungia anafanya hivyo kwa hiari yake. Swali gumu zaidi ni nani ataishika hiyo orodha, maana majina ya watu walioshindwa kuacha kubeti ni bidhaa tamu sana kwa app za mikopo.