Chumvi ya Ndoo
Mimi mtoto wa Mombasa, niliyekulia kwenye bahari ya bure, leo niko Uingereza nanunua chumvi kwa ndoo nitengeneze bahari ya lita 600 sebuleni, tangi la samaki na matumbawe. Mama akinipigia video hucheka mpaka miwani inamtoka. Hilo nimelizoea.

Nisilolizoea ni hili la maji kukauka. Kila siku zinapotea lita nne hivi, taa na feni zikisaidiana. Yanayopaa ni maji matupu, chumvi inabaki humo humo. Kwa hiyo unaongeza maji yasiyo na chumvi, tena si ya bomba, maana hayo yana vitu vinavyolisha mwani. Ni ya kuchuja. Na mtambo wangu, kila lita moja safi, tatu zinakwenda mferejini, huku mita ikizihesabu zote nne. Kifaa cha kuongeza maji chenyewe ninacho, ila konokono alikaa kwenye boya lake, kikakwama.

Basi nikasafiri wiki mbili, nikamwachia shemeji kazi hiyo moja tu. Akawa anakoroga chumvi kwenye kila ndoo. "Si samaki wa baharini hawa?" Narudi napima: kutoka gramu 35 kwa lita tumefika 38, matumbawe yote yamejikunyata kama yamenuniwa. Na huwezi kuishusha kwa pupa, utayaua. Kidogo kidogo, siku kadhaa, ndoo mkononi.

Shemeji anauliza nasafiri tena lini.