Nondo ya Ethi na Beberu wa Mzee

Kibanda umiza changu cha kuonyesha mpira kiko Bukoba, na radi za Bukoba hazina mzaha. Masika yaliyopita moja ilipasua mgomba wa jirani. Usiku ule ule nikaapa dishi langu halilali tena juu ya bati bila ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini. Nikanunua nondo ya shaba ya futi 4, nikaigongelea nyuma ya kibanda kwa nyundo ya kuazima mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nikaunga waya wa kijani wenye mstari wa njano kutoka kwenye mlingoti wa dishi. Nikarudi nyuma hatua mbili, mikono kiunoni, nikajiona injinia.

Jumamosi, mechi ya watani wa jadi. Kibanda kimejaa, watu wanakalia ndoo. Dakika za lala salama, refa akaamuru tuta, na picha nayo ikaganda hapo hapo! Nikajua ni pini ya waya wa dishi, huwa inalegea. Nikapenya mpaka mbele, nikaifungua nyuma ya dikoda niikaze upya. Mkono wa kulia umeshika ncha ya waya, wa kushoto nimeuegemeza kwenye bati la amplifaya, maana nilichuchumaa vibaya.

Yalaa! Sijui nilipigwa au nilitafunwa. Niliruka, ndala moja ikabaki, nikatua mapajani kwa mama muuza karanga. Dikoda ikanifuata.

Watu wa mpira hawana huruma. Sauti ya kwanza niliyoisikia haikuuliza kama ni mzima: "Kafunga, hajafunga?" Ya pili: "Mia tano zetu!"

Nikarudisha hela. Jumatatu nikamwita fundi, kijana mwenye tesa sikioni kama penseli ya seremala. Akatoa mita, akapima kati ya amplifaya na mlingoti: volti 108. Akacheka. Vifaa vingi vya pini tatu, akasema, huvujisha umeme kidogo kwenye bati lao la nje kupitia vikapasita, vidude vya ndani vya kuchuja kelele za umeme, na ethi ya nyumba ndiyo inayoupeleka ardhini. Ethi ikikatika, bati hubaki na karibu nusu ya volti 230. Zamani dishi halikuwa na ethi, kwa hiyo sikuwahi kuhisi kitu. Nondo yangu mpya ndiyo iliyoupa umeme njia, na daraja nikawa mimi.

"Tena kaka, nondo mbili zisizounganishwa ni balaa," akasema. "Radi ikipiga huku, huku volti inapanda, kule imebaki chini, vifaa vyako viko katikati. Zinafungwa pamoja kwa waya mnene. Ya nyumba iko wapi?"

Tukafuata waya kutoka meinswichi, ukatoboa ukuta, ukapita nyuma ya karo, ukaishia hewani. Ncha imekunjwa vizuri, kwa adabu kabisa.

Mzee mwenye nyumba alikuwa kivulini anatutazama. "Mnatafuta nini, wanangu?"

"Shikamoo mzee. Hapa palikuwa na chuma, kirefu hivi..."

"Marahaba. Aa, kile! Chuma kizuri sana kile. Beberu wangu kavunja vigingi vitatu, kile hajakiweza."

Na kweli, kule migombani beberu kasimama na kamba yake shingoni, nondo imezamishwa kwenye udongo mbichi. Ethi bora kuliko zote mtaani.

Tukaing'oa, tukairudisha, fundi akaziunga zote mbili. Kodi ya mwezi ule ilikuja na mstari mmoja wa nyongeza, kwa mwandiko wa mzee: kigingi cha mbuzi, shilingi 2,000.