Haukuwa Uji, Ilikuwa Chai

Najua mshaisikia. Wifi yangu hana kifua. Tangu juzi usiku anasambaza sauti kwenye kundi la familia, na kwa maelezo yake, wageni wa posa nimewanywesha uji. Posa yake yeye mwenyewe, tafadhali! Sasa nijieleze: haukuwa uji. Iliingia chupani ikiwa chai, na mashahidi ninao.

Mamamkwe alinikabidhi chai kwa sababu mimi ni mtu wa Kericho. Chai ya kwetu huteremka Mombasa kupigwa mnada, mnada wenyewe uko huku tangu 1969, nami niliteremka vivyo hivyo, ila kwa ndoa. Akaona aliyezaliwa katikati ya majani hawezi kushindwa na sufuria. Lakini chai ya nyumbani kwetu ni maji nusu, maziwa nusu, majani, sukari, chemsha, kunywa, rudi kazini. Hapa Kibokoni chai ya mgeni haitaki haraka. Maziwa matupu, moto mdogo, iliki uliyoponda sasa hivi, kijiti cha mdalasini, na wewe umesimama na upawa unateka na kumimina kutoka juu mpaka yapungue, yawe mazito.

Nilifanya yote hayo. Wallahi ilinukia mpaka jirani akachungulia. Mamamkwe akaonja, akafumba macho, kisha akasema, "Tangawizi haijakolea, mwanangu." Akaenda zake kujifukiza udi.

Wageni bado walikuwa msikitini, Isha, na chai ishaanza kupoa. Nikatwanga tangawizi mbichi, nikaikamua kwa kitambaa, maji yake yote nikayatia kwenye chupa ya lita tatu, nikamimina chai juu yake, nikafunga kwa nguvu. Ninyi mliosoma kemia mshashika vichwa. Ngojeni kwanza.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa yakiwa moto kiasi, kama nyuzi 60 hadi 70. Ungeichemsha mapema kingekufa, yakaisha. Kumbe huko Guangdong, China, wanafanya hivyo makusudi: maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, hayaguswi, yanaganda, yanaliwa kama kitamutamu. Elimu hii niliipata saa nane usiku, wageni walishaondoka.

Turudi sebuleni. Kikombe cha kwanza ni cha Babu wa upande wa mume, mzee wa Lamu, kofia ya vito, kanzu imenyooka. Nainamisha chupa. Hakuna kitu. Nainamisha zaidi. Ikasikika "glu" moja huko ndani, basi. Natabasamu. Mamamkwe naye anatabasamu, meno tu, macho hayamo. Nikaitikisa kidogo. Kikatoka kimaji chembamba, rangi ya kutu. Halafu, bwata! Donge. Limetua kikombeni, likatetemeka kushoto, likatetemeka kulia, likatulia likiwa limepanda juu ya ukingo. Chai ina mabega, jamani! Na mkono wangu bado umeshika chupa, kwa sababu nikiiweka chini itanibidi niseme kitu. Nyuma ya pazia nikamsikia wifi anatafuna mtandio wake.

Babu akalitazama. Akaligusa kwa ncha ya kidole. Kisha, kwa adabu zote:

"Mwanangu, nimeambiwa wewe ni wa bara. Hii ndiyo ile mursik? Wanayowanywesha wanariadha uwanja wa ndege?"

Kabla sijafungua mdomo, mamamkwe akadakia: "Ndiyo, Mzee. Ya kwao."

Mursik! Maziwa yanayolazwa siku kadhaa ndani ya buyu lililosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, na mimi nimesimama pale na chupa ya plastiki yenye maua. Babu akaomba kijiko. Akala. Akasogeza kikombe aongezwe.

Mengine si hadithi: posa ikakubaliwa, mahari ikatajwa, fatiha ikasomwa, wifi anaolewa, na shukrani yake ndiyo hizo sauti mnazosikiliza.

Shida ni kwamba jana Babu ameleta salamu. Siku ya harusi anaomba mabuyu mawili, ya ile ile yenye tangawizi. Mamamkwe ameniapiza nisithubutu kukanusha. Nikampigia mama Kericho, nikamweleza yote. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akauliza ni nani huyo anayetia tangawizi kwenye mursik.