Bourbon adimu: mlanguzi hana kosa peke yake

Februari 2023, Steve Marks, mkurugenzi wa tume inayosimamia pombe na bangi katika jimbo la Oregon, Marekani, aliachia ngazi. Uchunguzi wa ndani ulikuwa umebaini kwamba maofisa kadhaa wa tume hiyo, yeye akiwemo, walikuwa wakiwekewa kando chupa za bourbon adimu, yaani wiski ya Kimarekani ya mahindi, kabla wananchi hawajaziona. Miongoni mwa chupa hizo ilikuwemo Pappy Van Winkle iliyokomazwa kwenye pipa miaka 23. Fedha ya umma haikuguswa, maana walilipa bei kamili ya dukani. Walichojichukulia ni nafasi kwenye foleni.

Wiski gani hiyo ya kumng'oa mkubwa ofisini? Jibu liko kwenye hesabu. Mwaka 2022 bei elekezi ya kiwanda kwa chupa hiyo ilikuwa takriban dola 300. Ukibahatika kuipata kwa bei hiyo, hujafika hata kwenye gari kuna mtu yuko tayari kukupa maelfu ya dola. Aliyewahi kununua tiketi ya Simba na Yanga kwa mlanguzi nje ya uwanja anaijua biashara hii, ila hapa faida ni kubwa mno. Pengo hilo ndilo limezaa foleni za usiku kucha, bahati nasibu zinazoendeshwa na majimbo kama Pennsylvania na Virginia kuamua nani auziwe, na matapeli wanaonunua chupa tupu mtandaoni na kuzijaza wiski ya bei poa. Ndilo lililozaa pia wizi ulioibuliwa mwaka 2013, chupa zaidi ya 200 za Van Winkle zilipoonekana zimetoweka katika kiwanda cha Buffalo Trace, Frankfort, Kentucky. Walipofikishwa mahakamani washtakiwa, miaka miwili baadaye, wafanyakazi wa viwandani walikuwa miongoni mwao.

Uhaba wenyewe haujabuniwa na mtu, angalau si wote. Sheria ya Marekani inataka bourbon itokane na nafaka ambayo asilimia 51 au zaidi ni mahindi, na ikomazwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani. Pipa la kawaida huingia lita 200 hivi. Kiangazi cha Kentucky ni kikali, na kila mwaka sehemu ya wiski hupotea kwa mvuke, kiasi kwamba baada ya miaka 23 mara nyingi kinachobaki hakifiki nusu. Na hakuna anayeweza kurudi nyuma leo akaongeze mapipa ya mwaka 2000.

Sasa tuwasikilize wakusanyaji, maana wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Kiwanda cha Stitzel-Weller, nje kidogo ya Louisville, kilifunguliwa 1935, na Pappy mwenyewe, yaani Julian Van Winkle mkubwa, alikuwa mmoja wa wamiliki wake. Familia ilikiuza 1972, na mwaka 1992 mitambo ikazimwa. Katikati ya miaka hiyo Wamarekani walikuwa wamehamia kwenye vodka, na bourbon ikaonekana kinywaji cha wazee. Chupa zilijaa vumbi kwenye rafu, na wanunuzi wa Japani walikuwa wateja wa maana kuliko wengi wa nyumbani. Waliozinunua na kuziweka wakati huo ndio wanaofanya leo mtu aweze kuonja toti moja ya wiski ya kiwanda ambacho hakipiki tena. Hata sheria imewatambua: tangu 2018 duka lenye leseni Kentucky linaruhusiwa kununua chupa za zamani, zikiwa na lakiri yake, kutoka kwa mtu binafsi na kuziuza tena.

Lakini huyo ni mkusanyaji wa jana. Yeye aliokoa kitu kilichokuwa hakina mwenyewe. Wa leo anahodhi kile ambacho kila mtu anakitaka, halafu anaomba heshima ileile. Tazama Blanton's, bourbon nyingine, iliyoingia sokoni 1984. Kizibo chake kina farasi mdogo wa chuma na mpanda farasi wake. Mikao iko minane, kila kimoja na herufi yake, hadi jina la wiski likamilike. Kuna watu wananunua chupa baada ya chupa wakitafuta herufi iliyobaki. Sina neno na hilo, ni mchezo wa watu wazima. Ila bourbon haiivi ndani ya chupa. Ikishatoka kwenye pipa imemaliza kukua. Anayeificha miaka kumi hamwongezei ladha mtu yeyote.

Wapo wanaosema dawa ni moja: kiwanda kipandishe bei hadi ilingane na ya mtaani, ulanguzi ufe, na fedha iende kwa aliyesubiri miaka 23. Kwa hesabu tupu wako sahihi, na Oregon isingekuwa na kashfa kama chupa ingeuzwa kwa thamani yake. Wapinzani wao wanajibu kwamba bei elekezi ya chini ndiyo nafasi pekee ya fundi bomba au mwalimu kuipata, hata kama ni kwa kura. Mimi naona hoja hii ya pili inapendeza kuliko inavyofanya kazi. Huyo mwalimu akishinda kura, maelfu ya dola yanamwita, na wengi huuza, ingawa katika majimbo mengi kuuza pombe bila leseni ni kosa. Hata hivyo, bei ya chini inamletea mwenye kiwanda jina ambalo tangazo lolote lisingelinunua, kwa hiyo usitarajie aiache kwa huruma.

Kuhusu ladha nitasema wazi: umri mkubwa unasifiwa kupita kiasi. Wiski ikikaa muda mrefu kwenye mbao mpya za pipa hupata uchungu unaofunika utamu wa mahindi. Weller, bourbon inayotoka Buffalo Trace kama Pappy, na ambayo kama Pappy hutumia ngano badala ya nafaka iitwayo rai, ilibandikwa jina la "Pappy ya maskini". Jina lilipoenea, maskini akawa wa kwanza kuikosa.

Mambo yanaanza kugeuka. Mwanzoni mwa 2024 Kentucky ilikuwa na mapipa zaidi ya milioni 14 maghalani, rekodi kwa wakati huo, huku mauzo yakipoa. Baadhi ya mapipa hayo yatafunguliwa yakiwa na miaka minane, kumi, kumi na miwili, umri ninaouona mtamu zaidi. Aliyejaza Weller na Blanton's kabatini akidhani anajiwekea akiba ya uzeeni ajiandae kuzikuta dukani bila foleni. Mwenye Pappy ya miaka 23 ana unafuu, kwa sababu hata ghala likifurika, wenye viwanda watakaokubali zaidi ya nusu ya pipa iishie hewani watakuwa wachache.