Maji au wodi ya wazazi? Mi naanzia bombani

Kamwene wadau. Kuna huu ubishi wa vijiji vilivyopakana na msitu wa Uzungwa huku Kilolo, Iringa, hela ikipatikana ndogo iende kwenye maji au kwenye wodi ya wazazi na gari la wagonjwa. Watu wa gari wana hoja aisee, mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua hasubiri mradi wa maji, anatakiwa afike penye upasuaji na damu. Na kazi imeonekana, utafiti wa 2015/16 ulikuta vifo vya akina mama 556 kwa vizazi hai 100,000 nchini, wa 2022 ukakuta 104. M-mama nayo, ule mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, ilizinduliwa kitaifa 2022, unapiga 115 bure, ambulensi isipokuwepo anatumwa dereva wa mtaani na analipwa.

Haya, ipige hiyo 115 mwezi wa tatu, kwanza upande kilima kutafuta mtandao, halafu gari lenyewe linaishia kwenye utelezi, mjamzito anabebwa na machela mpaka lilipo. Kwa huku naona nyumba ya kusubiria pale kituo cha afya, mama ahamie wiki mbili kabla, inasaidia kuliko gari jipya, ila nani abaki na watoto na viazi shambani, na huko anakula nini?

Sasa maji. Shemeji yangu alijifungulia zahanati moja ya huku, tukaambiwa tuje na maji yetu, usiku mzima mama yangu anashuka kijitoni na tochi na dumu la lita 20, nesi ananawa kwenye beseni lile lile mpaka kunakucha. Eti maji ya msituni masafi toka enzi za mababu, kweli, kule juu kwenye chemchemi, ila huku chini kuna nguruwe, bustani na milingoti (mikaratusi) mpaka kingoni wakati sheria ya mazingira ya 2004 inasema shughuli zikae mita 60 toka kwenye maji.

Uzuri milima tunayo, maji ya mserereko hayadai dizeli wala umeme. Ubaya ni bomba likipasuka, maana chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, mradi unaendeshwa na chombo cha jamii kwa hela za ndoo, na kijiji cha kaya chache hela ya fundi haifiki, hapo ndo miradi inapofia. Bado mi naanza na bomba, ila koki ya kwanza ifungwe leba, sio ofisi ya kijiji.