Mnaongelea kinu cha nyuklia, mimi nauliza nani atapanda mnara

Juzi kwenye mdahalo wa runinga, mada ikiwa umeme wa nyuklia, mtu mmoja alipiga simu kutoka Mbagala akauliza swali lililokuwa na akili kuliko yote ya jioni ile: ikitokea hitilafu, hewa yenye mionzi itaelekea wapi? Mgeni wa studio, suti imenyooka, akacheka. Eti hayo ya upepo tuwaachie watabiri wa mvua. Mtangazaji naye akacheka, wakarudi kwenye megawati zao.

Sina ugomvi na nyuklia. Urani tunayo Mto Mkuju kule Namtumbo, mtambo wa majaribio wa kuichakata ulizinduliwa Julai 2025, na serikali haijaficha kwamba umeme huo inautaka. Mabaki yatazikwa wapi, wataalamu watatuambia. Fedha zitatoka wapi, watatuambia pia, tukishakopa. Mimi leo nina shida na vikombe vitatu vya kupimia upepo vinavyozunguka juu ya mnara.

Pembeni ya kinu cha nyuklia huwa kuna mnara wa hali ya hewa. Mwongozo wa Marekani unataka upepo upimwe mita 10 na mita 60 kutoka ardhini, na kati ya ngazi hizo mbili ipimwe tofauti ya joto. Tofauti hiyo ndiyo inayokuambia kama hewa imetulia au inachanganyika. Ikichanganyika, kilichovuja kinatawanyika mapema. Ikitulia, kinasafiri kimeshikana hadi mbali. Kati ya daraja moja la utulivu na jingine panaweza kuwa na nusu nyuzi tu, kwa hiyo kipimo hakiruhusiwi kukosea zaidi ya nyuzi 0.1. Sasa kihisi chenyewe cha joto kinakaa ndani ya kikinga-jua chenye kifeni kinachovuta hewa. Kifeni kikifa, jua la Februari la hapa Dar litakichoma kihisi taratibu, kompyuta itaandika namba, namba itaonekana nzuri kabisa, na itakuwa uongo mtupu.

Na hapo ndipo damu inaponichemka. Kifaa kilichokufa kabisa sina neno nacho, maana kila mtu anaona kimekufa, atatafutwa fundi. Balaa ni kifaa kibovu kinachoendelea kutoa majibu. Chukua hivyo vikombe vya upepo. Beringi zikiliwa na chumvi ya bahari, upepo mkali bado utavizungusha vizuri, mkaguzi akipita mchana ataondoka ameridhika. Kitakachoshindwa kuvisukuma ni kale kaupepo ka alfajiri, na kaupepo hako ndiko ka kuogopwa zaidi, kwa sababu hakatawanyi kitu. Yaani kifaa kinaanza kuoza kwa upande ule ule tutakaouhitaji siku ya siku.

Sisi wa pwani tulipaswa kulielewa hili kabla ya wengine wote. Muulize mvuvi wa Kunduchi. Alfajiri upepo unatoka nchi kavu, unampeleka baharini. Mchana unageuka, unamrudisha. Juu ya hapo kuna kaskazi na kuna kusi, kila mmoja na miezi yake. Kwenye pwani kama hii, ramani ya saa kumi na mbili asubuhi haikufai saa nane mchana. Kinachokufaa ni kipimo cha sasa hivi, na kiwe cha kweli.

Niliwahi kufika kwenye taasisi moja hapa mjini, siitaji, yenye kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe nyuma ya jengo. Kunguru walikuwa wanapokezana kukalia mshale wa upepo, umeinama kama umechoka na maisha. Mdomo wa chombo cha mvua, nyigu amejenga nyumba ya tope. Mwarobaini uliopandwa siku ya mazingira, kwa hotuba na picha, ulikuwa umeupita urefu mlingoti wenyewe. Ndani ofisini skrini inasema upepo unatoka kusini. Ilikuwa Januari, na dirishani makuti ya minazi yote yanapepea kuelekea huko huko kusini. Nikamuuliza mzee wa getini fundi huja lini. "Walikuja wazungu wa mradi, mwanangu. Wakapiga picha."

Kile kilikuwa kituo cha kawaida tu cha hali ya hewa, si cha kinu cha nyuklia. Nashukuru.

Msidhani haya ni ya nchi maskini peke yake. Fukushima, Machi 2011, tetemeko na tsunami vilikata umeme, na vituo vya kupimia mionzi kuzunguka kinu karibu vyote vikanyamaza. Wajapani walikuwa na mfumo wa kompyuta wa kukadiria mionzi itakakopelekwa na upepo, ila makadirio yake hayakuwafikia watu kwa wakati. Watu wa Namie wakakimbilia Tsushima, kaskazini-magharibi. Machi 15 upepo ukageukia huko huko, mvua na theluji vikaishusha mionzi ardhini. Kijiji cha Iitate, nje ya lile duara la kilomita 20 lililoamriwa kuhamwa, kiliambiwa kihame Aprili. Hao ni Wajapani. Nifikirie sisi, ambao jenereta ya kituo cha afya inakosa dizeli?

Haya, nikubali kidogo. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja Mei 2024, na anayesema hawajui kazi anawaonea. Na vipo vipimaupepo vya kutumia sauti, havina beringi wala kinachozunguka. Vizuri. Kunguru wa Dar watavikalia vile vile.

Tatizo letu ni kwamba hakuna mheshimiwa aliyewahi kukata utepe wa beringi. Mradi unanunua kifaa, spea hazimo kwenye zabuni, mafunzo yanakuwa semina ya siku tatu hotelini yenye posho, na aliyefundwa anahamishiwa idara nyingine kabla cheti hakijakauka. Wenzetu wa Marekani wanataka vihisi vihakikiwe angalau kila miezi sita na takwimu sahihi zipatikane kwa asilimia 90 ya mwaka. Kuna njia rahisi ya kufika hapo: unakuwa na seti mbili. Moja iko mnarani, nyingine iko maabara inahakikiwa, na muda ukifika fundi anapanda na mkanda wake wa usalama anabadilisha. Fundi huyo anahitaji bima, mshahara unaotoka kwa wakati, na mtu wa pili chini wa kumwangalia.

Msiniambie ni gharama. Seti ya pili ya vihisi haifiki hata karibu na bei ya V8 moja ya mkurugenzi, na sijawahi kusikia V8 imekosa sevisi kwa sababu fungu halijatoka.