Jazi ya chumbani Unguja: mpigaji peke yake na masikio ya wenziwe

Unguja sasa kuna mwanamuziki wa aina ambayo zamani haikuwapo. Kasoma saksafoni au kinanda. Taarabu kaikuta nyumbani, jazi kaifuata kwa hiari yake. Usiku anapiga hotelini Mji Mkongwe kwa ujira, mchana anajifungia chumbani na kompyuta, kipaza sauti kimoja na visikizio vya masikioni. Besi ni yeye, ngoma ni yeye, saksafoni ni yeye. Juu yake anatia mvua inayopiga bati, komeo la mlango, tari aliloazima kwa jirani. Akiridhika anaitoa kazi mtandaoni, bila ya prodyuza na bila ya kikundi.

Wako wanaomsifu kwa uhuru huo. Wako pia, na wengi wao ni watu waliokula chumvi nyingi katika muziki, wanaosema kwamba hayo ni mazoezi tu, na mazoezi hayatolewi hadharani. Naona pande zote mbili zina haki yake, lakini zinagombana pahala sipo.

Lawama inayosikika zaidi ni ya usafi wa sauti. Mbona feni inasikika? Mbona besi inavuma? Mbona pikipiki imepita katikati ya wimbo? Lawama hii naiona nyepesi. Rudy Van Gelder, fundi wa kurekodi wa Marekani, alirekodi sehemu kubwa ya jazi inayosifiwa duniani katika sebule ya wazazi wake, Hackensack, New Jersey, mpaka mwaka 1959 alipohamia studio aliyojenga mwenyewe. Mwaka 1985 Keith Jarrett, mpiga piano ambaye angeweza kuingia studio yoyote aitakayo, alijifungia nyumbani kwake na vinasa sauti vya kaseti, akapiga filimbi na ngoma moja juu ya nyengine, na kazi ile ikatolewa na kampuni yenye sifa ya kuwa na sauti safi kuliko wengi. Na kwetu sisi, Siti binti Saad na wenziwe walipanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, kwa kuwa mashine haikuwa yetu. Sahani zile zinakwaruza, na sijapata kumsikia Mzanzibari akizikataa kwa mkwaruzo.

Kuna lawama ya pili, nzito kidogo: kwamba mtu anayejirekodia sehemu zote anadanganya. Hii nayo ina umri wake. Katikati ya miaka ya 1950 Lennie Tristano, mpiga piano kipofu wa New York, alirekodi piano juu ya besi na ngoma zilizokwisha kunaswa, akachezea kasi ya utepe ili piano itoke jinsi alivyoitaka. Wakosoaji walimshukia kwamba jazi ni kupiga papo kwa papo, na yeye kaitengeneza mezani. Leo rekodi zile zinasomwa na wanafunzi. Lakini waliomlaumu hawakuwa wajinga. Waliona kitu nitakachokirudia hapa chini, maana kwetu kina uzito kuliko huko.

Kwanza nieleze kwa nini chumba kinafaa kutetewa Zanzibar hasa, kwa sababu watetezi wake wengi husema tu "ni rahisi, hulipi studio", na hiyo si sababu kubwa.

Studio nyingi za mjini zimejengwa kwa zenji fleva, muziki wa vijana wa Zanzibar. Kazi inaanza na biti, mwimbaji anaingia na kutoka, unalipa, anaingia mwengine. Hakuna ubaya, ndivyo biashara ilivyo. Sasa mlete pale mpiga saksafoni anayetaka kupiga jazi ndani ya maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kama rasti au bayati. Sauti nyengine za maqam hizo zinakaa baina ya vitufe viwili vya kinanda. Mpiga saksafoni huzifikia kwa mdomo, kwa kulegeza na kukaza, na inamchukua saa nzima kuipata moja ikatulia. Ganuni, ala ya taarabu ya kudonoa, ina nyuzi zaidi ya sabini, na kwa unyevu wa visiwa hivi haikai kwenye sauti yake muda mrefu. Prodyuza mwenye foleni mlangoni hana saa hizo za kungoja. Zaidi ya hapo, programu yake ya kunyoosha sauti imepangwa kwa hatua kumi na mbili za piano: ikiikuta robo sauti ya bayati inaiona kosa, inaivutia kwenye kitufe cha jirani. Hivyo kile kilichoifanya kazi ile iwe ya Kizanzibari kinasafishwa kama uchafu. Chumbani hakuna anayemhimiza mpigaji, wala hakuna mashine inayomsahihisha bila ya ruhusa yake. Anaweza kumwita mpiga sanduku wa kidumbak, ile taarabu ndogo ya ngoma, akaweka kipaza sauti chini karibu na mbao, akajaribu tena na tena mpaka besi ile ya uzi na mti itoke na nguvu yake yote.

Hata nyumba zenyewe zinaingia katika muziki. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kuta ni mawe na chokaa, nene, zinazuia kelele ya nje lakini zinairudisha sauti ya ndani, na nota fulani za chini huvimba na nyengine zikamezwa. Mwenye akili hutundika magodoro na kanga, akakata mwangwi kidogo, akauacha kidogo. Ng'ambo, upande wa pili wa mji, mambo ni mengine: matofali na bati, joto, na masika hakuna kurekodi ila uirekodi mvua yenyewe. Ukisikiliza kwa makini unaweza kutambua kazi ipi imetoka upande upi wa mji. Studio yenye kuta za sponji haikupi hilo popote duniani. Na umeme, ambao Unguja nzima iliukosa tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 pale njia ya waya wa chini ya bahari ilipofeli, ukikatika hauisimamishi papo hapo kompyuta yenye betri kama unavyoisimamisha studio kubwa.

Iko na hoja ya wanawake, na sielewi kwa nini haitajwi. Kikundi hufanya mazoezi usiku. Binti anayetaka kupiga ala, si kuimba tu, hukuta mlango wa kwanza ni wazazi wake na wa pili ni maneno ya mtaani. Chumbani kwao anaweza kupiga udi saa tatu kila siku na kuurekodi. Pamoja na hayo, Tausi, kikundi cha taarabu cha wanawake alichokianzisha Bi Mariam Hamdani, kimeonesha kwamba dawa nyengine ya mlango uliofungwa ni kukusanyika wenyewe kwa wenyewe mpaka mlango uzoee. Binti wa chumbani kapata nafasi ya kupiga. Wa Tausi kapata nafasi na wenzake.

Na hapo ndipo upande wa pili unapokuwa na nguvu. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kinajulikana tangu 1905, na cha Culture tangu 1958. Vikundi hivi vimeishi kwa mazoezi ya jioni, mahali ambapo mtoto wa fidla hukaa nyuma ya mzee wa fidla miaka, akirekebishwa kwa jicho tu. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilipofunguliwa mwaka 2002 kilileta nota na mitihani, lakini nacho kilifundisha kwa kuwakalisha watu pamoja. Jazi ndiyo zaidi. Mpiga ngoma anasikia saksafoni imeelekea wapi, anamfuata au anamkatalia, na saksafoni inabadilika kwa sababu ya kukataliwa. Ukiipiga ngoma Jumatatu na saksafoni Alkhamis, ngoma haiwezi kukukatalia chochote. Wakosoaji wa Tristano waliliona hilo. Yeye alikuwa na New York nzima ya kupambana nayo usiku akitoka studioni. Mpigaji wetu akitoka chumbani anakwenda hotelini kupiga nyimbo zilezile ambazo mgeni anazijua kabla hajashuka ndege. Hana pahala pengine pa kujibiwa.

Tumeshalipitia jambo linalofanana na hili. Miaka ya 1990, makundi kama East African Melody yalipoiteka mioyo ya watu, kinanda cha umeme kilichukua kazi ya safu nzima ya fidla. Watu walicheza na kutunzana, na furaha ile ilikuwa ya kweli, siidharau. Lakini kijana hakuwa tena na sababu ya kujifunza fidla miaka kumi ikiwa kitufe kimoja kinamaliza shughuli. Kompyuta ya chumbani inaweza kumfanyia hivyo mpiga ngoma wa jazi, na yeye tangu hapo ni wa kutafutwa.

Kuna na jambo jengine ambalo mpigaji wa peke yake haambiwi na mtu. Kazi hizi hupenda sauti za mtaani, na sauti za mtaani Unguja ni pamoja na adhana, dhikri na maulidi. Adhana iliyoingia kwa mbali dirishani wakati mtu anapiga ni hali ya mji. Adhana iliyonaswa makusudi, ikakatwa vipande na kurudishwarudishwa chini ya saksafoni ili wimbo upate ladha ya visiwani, ni jambo jengine kabisa. Inamuumiza jirani, na inamuumiza muadhini ambaye hakuulizwa. Sidhani wanaofanya hivyo wana nia mbaya. Lakini mzee mmoja pale chumbani angesema "mwanangu, hiyo itoe", na kazi isingeharibika. Vivyo hivyo bibi wa jirani aliyepiga tari: je, jina lake limo? Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003 na taasisi yake, COSOZA. Kusajili kazi ni rahisi mtu akiwa peke yake. Aliyepiga sekunde ishirini katika kazi ya mwengine ndiye anayesahaulika.

Fedha nazipitia haraka, kwa kuwa pande zote mbili zinazikuza. Anayesema mtandao utamlisha mwanamuziki wa jazi hasomi masharti: tangu 2024 Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, hailipi wimbo uliosikilizwa chini ya mara 1,000 katika miezi 12. Anayesema arudi kwenye kikundi ndipo ale naye hajauliza kikundi kinagawana nini baada ya harusi. Chakula kinatoka hotelini kwa wote wawili.

Jukwaa ndilo lenye maana zaidi. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004 na ambalo kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe, linataka muziki unaopigwa hai. Mwenye kazi ya sehemu sita alizozipiga peke yake hawezi kupanda pale na kompyuta akabonyeza. Atahitaji watu watano, na watu watano watataka kujua wanapiga nini. Tarajazz, wanaochanganya taarabu na jazi, wanasikika vile kwa sababu mtu na mwenzake wamekubaliana jukwaani, hata pale wanapopishana.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Chumba nakitetea bila ya kusitasita, kwa ajili ya robo sauti, sanduku na saa zisizohesabiwa. Ninachokipinga ni kazi kutoka chumbani humo moja kwa moja mpaka duniani bila ya kupita sikio la pili. Ningependa kila kazi ya namna hii, kabla ya kutolewa, isikilizwe na watu wawili wenye uwezo wa kuikataa, mmoja wa jazi na mmoja wa taarabu, na sehemu moja angalau ipigwe upya na mtu mwengine. Besi ndiyo ya kuanzia, kwa sababu mpiga besi mzuri humbadilishia kila mtu njia. Nota ziandikwe, hata za mkono, ili kazi iweze kupigwa siku mwenyewe akiwa hayupo. Rekodi za kila ala zihifadhiwe mbalimbali, si ile iliyokwisha kuchanganywa tu, maana unyevu na diski zinazokufa zimeshatupotezea mengi.

Vikundi navyo vina la kufanya. Culture wana jumba lao Vuga, na viti vinakaa vitupu jioni ambazo hakuna mazoezi. Jioni moja kwa mwezi waliorekodi vyumbani walete kazi zao, zichezwe kwa spika mbele ya wazee wa fidla na udi, kisha mwenye kazi achukue ala yake na kupiga nao palepale.